Mwanafunzi au mfanyakazi? Kisa cha madaktari wanagenzi wa Kenya na chama chao mwaka 2024

Kisa kinahusu nini

Mwaka 2024 kundi zima la madaktari wapya nchini Kenya lilijikuta katikati ya mzozo wa mishahara kabla hata halijaingia wodini. Wengi wao hawakuwa wanachama wa chama chochote cha wafanyakazi, wala hawakuwa na mwajiri. Hata hivyo chama cha madaktari kiligoma kwa sababu zilizowahusu wao moja kwa moja, na kila mmoja wao akalazimika kuamua yuko upande gani.

Majina ya watu, hospitali na kaunti yameondolewa. Tarehe, viwango vya pesa na vifungu vya sheria vimeachwa kama vilivyo kwa kuwa ni mambo ya hadharani. Kisa kimeandikwa kwa ajili ya viongozi wa vyama, wasimamizi wa mafunzo na madaktari wapya wanaojiuliza kama wajiunge. Swali lake ni hili: kwa nini daktari aliye mafunzoni, ambaye hali yake ya kazi ni ngumu kuliko ya wenzake wote, ndiye husitasita zaidi kujiunga na chama? Jibu linalotolewa mara nyingi ni kwamba vijana ni waoga au hawajui haki zao. Kisa hiki kinaonyesha kwamba jibu hilo si la haki kwao.

Usuli

Mwanafunzi wa udaktari Kenya husoma miaka 6 chuoni. Akihitimu bado hawezi kufanya kazi kwa kujitegemea. Lazima amalize miezi 12 ya unagenzi katika hospitali iliyoidhinishwa na KMPDC, baraza linalosajili madaktari. Huzungushwa katika idara kuu: magonjwa ya ndani, upasuaji, watoto, na uzazi na magonjwa ya wanawake. Katika kila idara daktari bingwa anayemsimamia hujaza tathmini na kutia sahihi. Sahihi moja ikikosekana, usajili kamili haupatikani.

Hayo ndiyo mafunzo. Kazi nayo inajulikana na kila aliyewahi kulazwa katika hospitali ya umma. Mnagenzi ndiye anayeamshwa wa kwanza usiku. Humpokea mgonjwa na kuandika historia yake, humtoa damu, humwekea njia ya dripu, hukimbiza sampuli maabara, husaidia katika upasuaji wa uzazi saa nane za usiku, na saa mbili asubuhi anatakiwa asimame mbele ya bingwa kuwaelezea wagonjwa wote wa wodi. Ukimwondoa, zamu haiendi. Ndiyo maana kumwita mwanafunzi tu hakuelezi kinachotokea wodini.

Kuna jambo la tatu ambalo watu wa nje hawalijui. Mnagenzi ana mabosi wawili. Tangu huduma za afya zigatuliwe mwaka 2013, hospitali nyingi zinazopokea wanagenzi ziko chini ya kaunti, na huko ndiko anakopangiwa zamu, anakoombea likizo na anakokemewa. Lakini anayempangia kituo na kumlipa ni Wizara ya Afya, Nairobi. Jambo hili linaonekana dogo, ila litarudi baadaye kwa uzito wake.

Chama kinachowahusu ni KMPDU, chama cha madaktari, wafamasia na madaktari wa meno. Kati ya tarehe 5 Desemba 2016 na 14 Machi 2017 kiliongoza mgomo wa siku 100, na Februari 2017 viongozi wake walifungwa jela kwa kukaidi amri ya mahakama. Mgomo huo ulizaa mkataba wa maelewano wa 2017, maarufu kama CBA. Chini ya mkataba huo mnagenzi hulipwa KSh 206,400 kwa mwezi. Wanagenzi waliofuata hawakugoma ili kukipata kiwango hicho. Walikikuta, nao wakakichukulia kuwa ndicho mshahara wa kawaida wa kazi hiyo. Kizazi kilichokula matunda hakikuwa kimeupanda mti, na kwa miaka kadhaa hakikuona sababu ya kuumwagilia maji.

Mambo yalivyokwenda

Mwanzoni mwa 2024 wahitimu walikuwa nyumbani wakisubiri kupangiwa vituo. Wizara ilipotangaza kwamba itawapanga, ilitangaza pia kwamba watalipwa KSh 70,000 kwa mwezi. Tofauti na kiwango cha mkataba ni KSh 136,400 kila mwezi, yaani KSh 1,636,800 kwa mwaka mzima wa unagenzi.

Tarehe 29 Februari madaktari waliandamana hadi makao ya wizara jijini Nairobi. Polisi walirusha vitoa machozi, na katibu mkuu wa chama akajeruhiwa kichwani. Picha zilisambaa katika simu za kila daktari mchanga. Kabla ya siku hiyo mzozo ulikuwa wa tarakimu. Baada yake ulikuwa na damu.

Chama kilitoa ilani ya mgomo. Mahakama ikaamuru mgomo usitishwe ili mazungumzo yafanyike, lakini tarehe 14 Machi ulianza. Madai yalikuwa mengi: malimbikizo ya mishahara, bima ya afya, ajira za kudumu, karo za madaktari wanaosomea ubingwa. Lakini suala la wanagenzi ndilo lililobeba mgomo mbele ya umma. Serikali ilishikilia kwamba hazina haiwezi kulipa zaidi, na mwezi Aprili Rais mwenyewe alisema nchi lazima iishi kulingana na uwezo wake.

Mgomo ulidumu siku 56. Tarehe 8 Mei mkataba wa kurejea kazini ulitiwa saini. Mambo mengi yaliafikiwa; malipo ya wanagenzi hayakuafikiwa, yaliahirishwa yajadiliwe ndani ya siku 60.

Siku hizo zikapita. Wizara ikaendelea na mpango wake wa kuwapeleka wanagenzi vituoni kwa malipo iliyoyataka yenyewe. Wapo waliokataa na kubaki nyumbani, wapo walioripoti kazini, na wapo waliopiga kambi barabarani. Desemba chama kikatishia mgomo mwingine, na tarehe 27 Desemba 2024 makubaliano mapya yakatiwa saini: wanagenzi walipwe kulingana na mkataba wa 2017.

Maamuzi yaliyofanywa, na kwa nini

*Serikali iliamua kuyaita malipo hayo posho.* Uchaguzi wa neno haukuwa wa bahati mbaya. Mshahara hujadiliwa na chama. Posho ya kujikimu hutolewa na mwenye nacho kwa kadiri anavyoona. Ukikubali neno posho, umekubali kwamba wewe ni mwanafunzi, na mwanafunzi hana cha kujadiliana na mwajiri kwa kuwa hana mwajiri.

Sheria ya Kenya haikubaliani na hoja hiyo. Sheria ya Ajira ya 2007, katika ufafanuzi wake wa mfanyakazi, humtaja mtu aliyeajiriwa kwa ujira au mshahara na kumjumuisha pia mwanagenzi aliye chini ya mkataba wa kujifunza kazi. Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya mwaka huohuo inasema vivyo hivyo. Kifungu cha 41 cha Katiba kinampa kila mfanyakazi haki ya ujira wa haki, ya kujiunga na chama na ya kugoma. Kwa hiyo kujifunza na kufanya kazi si hali mbili zinazofukuzana, na mtu anaweza kuwa katika zote mbili kwa wakati mmoja. Marekani ilichukua muda mrefu kufika hapo: mwaka 1976, katika shauri la Cedars-Sinai, bodi ya mahusiano ya kazi iliamua kwamba madaktari wa mafunzo kimsingi ni wanafunzi, na ni mwaka 1999 tu, katika shauri la Boston Medical Center, ilipogeuza uamuzi huo. Miaka 23.

*Chama kiliamua kuliweka mbele suala la watu ambao bado si wanachama.* Wapo wanachama wakongwe waliouliza kwa nini wapoteze mishahara yao kwa ajili ya watoto ambao hawajakatwa hata shilingi moja ya ada. Swali hilo lina jibu. Kiwango cha mnagenzi ni ngazi ya kwanza ya ngazi zote, na mwajiri akiruhusiwa kuikata bila kujadiliana, hakuna kinachomzuia kukata inayofuata. Tena mkataba ukivunjwa katika ukurasa mmoja, kurasa nyingine nazo zimelegea.

*Mhitimu aliye nyumbani alipaswa kuamua kama aende kituoni kwa KSh 70,000.* Uamuzi huu ndio mgumu kuliko yote, na haufai kuhukumiwa kutoka mbali. Amesomeshwa kwa mkopo na kwa michango ya ukoo. Wazazi wanauliza kila Jumapili kazi imefika wapi. Akikataa, hapotezi mshahara tu: anachelewesha leseni, na bila leseni hawezi kuajiriwa popote, wala kuanza safari ya ubingwa. Akikubali, anasaidia kuthibitisha kwamba kazi hiyo inaweza kufanywa kwa theluthi ya malipo. Kila aliyekwenda alipunguza nguvu ya aliyebaki, na kila aliyebaki aliibeba gharama peke yake.

*Mnagenzi aliyekwisha kuwa kazini alipaswa kuamua kama agome.* Siku anazokosa hulipwa kwa kurefushwa kwa unagenzi. Daktari aliyeajiriwa akigoma siku 56, akirudi anaendelea alipoachia. Mnagenzi akigoma siku 56 amepoteza zaidi ya nusu ya mzunguko wa idara moja, na leseni imesogea mbele kwa kiasi hicho.

*Chama kiliamua kutia saini Mei bila kifungu cha wanagenzi kukamilika.* Sababu zinaeleweka: wiki nane bila kazi, amri za mahakama, wagonjwa wanaoteseka, wanachama waliochoka. Lakini kwa mnagenzi mtarajiwa, suala lililoanzisha safari ndilo lililoachwa njiani. Hapo imani iliyokuwa imejengwa tangu Februari ilipata ufa.

Uchambuzi: kusitasita kunatoka wapi

Vizuizi vitatu vinaonekana wazi, na hakuna hata kimoja kinachohusu ujasiri.

Cha kwanza ni saa ya miezi 12. Mtu anayesema "mimi napita tu" hasemi uongo. Mzozo mmoja wa kazi unaweza kuumeza karibu unagenzi wote. Tangu maandamano ya Februari hadi makubaliano ya Desemba ni miezi 10, na hapo malipo yenyewe bado yanasubiri kutekelezwa. Ukipima kwa hesabu ya mtu mmoja, kujiunga ni kulipia nyumba ambayo atakaa mwingine. Hesabu hiyo ina kosa moja: nyumba anayokaa yeye sasa ilijengwa na wengine waliopita vilevile. Kundi moja la wanagenzi huondoka na kumbukumbu zake zote. Chama ndicho pekee kinachobaki na karatasi, tarehe na saini. Mwaka 2024 hoja nzima ilisimama kwa sababu kulikuwa na ukurasa wa 2017 ulioandikwa KSh 206,400. Bila ukurasa huo, KSh 70,000 ingekuwa tu ofa ya mwajiri.

Cha pili ni sahihi. Bingwa anayejaza tathmini mara nyingi ndiye mkuu wa idara, na mkuu wa idara ndiye anayeulizwa na uongozi wa hospitali nani hakuja kazini. Hata kama hana nia mbaya hata kidogo, mnagenzi hawezi kujua. Hofu hiyo haikuzuka hewani: mwaka 2012, katika mgomo wa madaktari Tanzania, madaktari wa mafunzo walisimamishiwa usajili wao wa muda. Sheria ya Kenya inakataza mfanyakazi kubaguliwa kwa sababu ya uanachama wa chama, na katazo hilo liko katika kifungu cha 5 cha Sheria ya Mahusiano ya Kazi. Lakini sheria hulinda dhidi ya barua ya kufukuzwa. Tathmini iliyoandikwa "anahitaji kurudia miezi mitatu" ni vigumu kuithibitisha mahakamani kuwa ni kisasi. Wasimamizi wa mafunzo wanaoujali utulivu wa wodi zao wangefanya jambo moja la maana: kutenganisha kabisa daftari la mahudhurio wakati wa mgomo na fomu ya tathmini ya ujuzi, zijazwe na watu tofauti.

Cha tatu ni karatasi, na hapa ndipo wanachama wengi hupotea bila mtu kugundua. Ada ya chama hukatwa kwenye mshahara chini ya kifungu cha 48 cha Sheria hiyohiyo ya Mahusiano ya Kazi. Mfanyakazi hutia saini Fomu S, fomu ya kuruhusu makato hayo, chama humpelekea mwajiri ilani, na mwajiri ana siku 30 za kuanza kukata. Mnagenzi aliyeingia Julai akajaza fomu Agosti, makato yanaweza kuonekana Oktoba, robo ya mwaka wake ikiwa imekwisha. Sasa kumbuka wale mabosi wawili. Mtu wa kawaida huipeleka fomu katika ofisi ya wafanyakazi ya hospitali anakofanya kazi. Ofisi hiyo ni ya kaunti, na kaunti haimlipi. Fomu inayoachwa hapo haina wa kuishughulikia. Mnagenzi anaamini amejiunga, chama hakimwoni kwenye orodha, na siku akihitaji kutetewa anaambiwa si mwanachama. Akitoka hapo hamwamini tena mtu wa chama. Kinga yake ni rahisi: fomu ipitie kwa mwakilishi wa chama wa tawi hadi kwa anayelipa mshahara, nakala ibaki kwa mwenyewe, na hati ya malipo ya mwezi wa pili na wa tatu ikaguliwe mstari kwa mstari. Unagenzi ukiisha makato nayo hukatika, na akiajiriwa na kaunti anajaza fomu upya. Wengi hawajui hili hadi miaka imepita.

Kuna pia jambo la mgonjwa, ambalo lazima litajwe kwa heshima. Wapo madaktari wachanga wasiotaka chama kwa sababu wanakilinganisha na mgomo, na mgomo kwao ni mgonjwa aliyeachwa kitandani. Hawa hawapaswi kubezwa. Huduma za hospitali zimo katika orodha ya huduma muhimu kwenye sheria, yaani zile ambazo sheria hairuhusu zigomewe, na mvutano kati ya orodha hiyo na Kifungu cha 41 cha Katiba ndio unaozifanya mahakama kusimamisha migomo ya madaktari mara kwa mara. Lakini kujiunga na kugoma ni maamuzi mawili. Mwanachama anaweza kuwakilishwa katika mashauri ya nidhamu, kusaidiwa kudai malimbikizo na kupiga kura ndani ya chama kupinga mgomo. Chama kinachojitambulisha kwa wanagenzi kwa picha za maandamano peke yake kinawafungia mlango watu hawa, na mara nyingi ndio makini zaidi.

Kilichofaa na kilichoshindikana

Kilichofaa zaidi ni uamuzi wa kushikilia tarakimu moja iliyoandikwa. Chama hakikuja na kiwango kipya cha kujadili. Kilisema lipeni mlichotia saini. Madai ya namna hiyo hueleweka hata na mtu asiyewahi kukanyaga hospitali, na yalimpa mnagenzi aliyesitasita sababu ya wazi ya kusimama na chama. Neno posho nalo lilikosa nguvu, kwa kuwa mkataba haukuwa umeandika posho.

Kilichoshindikana ni kuwaachia watu binafsi mzigo wa kundi. Msimamo wa kukataa vituo ulimtegemea kijana mmoja mmoja mbele ya familia yake, bila kura ya pamoja ya wahitimu na bila kikomo cha muda ambacho kila mtu angekijua. Kama wahitimu wangekubaliana mapema kwamba wanakataa hadi tarehe fulani, kisha wote waripoti kazini huku madai yakiendelea mahakamani, aliyeripoti asingeitwa msaliti na aliyebaki asingebaki peke yake.

Kilichoshindikana pia ni Mei. Suala lililotangulizwa kuliko yote kuahirishwa siku 60, bila adhabu yoyote iwapo siku zingepita, lilikuwa kosa la kiufundi kabla ya kuwa la kisiasa. Kifungu cha kuahirisha kinahitaji kusema nini kitatokea siku ya 61: kiwango cha zamani kiendelee kulipwa hadi mwafaka, au shauri liende kwa msuluhishi aliyetajwa kwa jina. Bila hayo, anayefaidika na kimya ni mwajiri.

Kundi ambalo makubaliano hayakuligusa

Makubaliano ya Desemba yanamhusu mnagenzi anayelipwa na wizara. Yapo madaktari wengine mafunzoni: wanaosomea ubingwa kwa kujilipia. Hawa wana leseni, wanalala zamu, wanapasua na kutibu katika hospitali kubwa za rufaa, na badala ya kulipwa wanalipa karo. Wengi wao wako tayari kujiunga kuliko mnagenzi yeyote. Mafunzo yao huchukua miaka kadhaa, si mmoja, na wameshaonja ajira. Lakini asiye na mshahara si mfanyakazi kwa ufafanuzi wa sheria, na asiye na hati ya malipo hana mahali pa kukatwa ada. Fomu S yake haina pa kupelekwa. Mgomo wa 2024 uligusa karo za wanaosomea ubingwa. Hadhi yao kama wafanyakazi haijawahi kuwa kifungu cha peke yake mezani.